Suruali ya Kazi: Pima Kwanza, Lipa Baadaye



Hapa Mvara tunawaona wengi wenu mkija mjini Arua kutoka Rhino Camp, Imvepi na hata Lobule kule Koboko. Nauli imelipwa, fedha zilizobaki ni kidogo, na suruali ya mitumba (wenyeji huita mivumba) ukishafika nayo nyumbani hairudishwi. Ikikubana, utachana tako siku ya kwanza ya kulima. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya kipimo.

Usitegemee namba iliyoandikwa ndani. Suruali moja imeandikwa W32 L34: maana yake kiuno inchi 32, na mguu inchi 34 kuanzia kati ya mapaja hadi upindo. Nyingine imeandikwa 48. Hiyo si inchi! Ni namba ya Ulaya kwa wanaume. Toa 16, utapata kiuno cha inchi 32 hivi. Suruali za kike zina hesabu zao tofauti kabisa, na namba 40 ya kike si kiuno cha inchi 40. Tena suruali iliyofuliwa miaka mingi huenda imerudi au imelegea.

Chukua kamba isiyovutika. Izungushe pale unapofungia mkanda, juu ya shati, ukiacha nafasi ya vidole viwili, kisha piga fundo. Kipimo cha pili ni kutoka kati ya mapaja hadi kifundo cha mguu; piga fundo jingine. Nenda nayo sokoni. Funga kishikizo cha suruali, ilaze sawasawa, kisha kunja kamba ya kiuno mara mbili uilinganishe na upana wake. Wako wanaozungusha kiuno cha suruali shingoni. Njia hiyo husaidia ukiwa na haraka, lakini shingo haijui mapaja yako.

Mwenye duka akikubali, ivae juu ya kaptula au chini ya kitenge. Chuchumaa kama mtu anayepalilia. Inua goti kama unayepanda baiskeli. Ikivuta kati ya mapaja, iache, hata kama kiuno kimekaa vizuri. Kusimama tu hakukuonyeshi kitu.

Ukikosa iliyo sawa, chagua iliyozidi kidogo. Fundi cherehani hupunguza inchi moja au mbili nyuma bila taabu. Akizidisha, mifuko ya nyuma hukutana. Kuongeza ni kazi nyingine. Geuza suruali ndani nje utazame kama kuna kitambaa cha akiba kwenye mshono. Jinzi kwa kawaida haina.

Lakini isiwe pana ovyo. Mguu unaopepea hunaswa na mnyororo wa baiskeli, na penye mashine ya kusaga unaweza kunaswa na mkanda wa mashine. Hapo hatuzungumzii tena suruali, tunazungumzia mguu wako. Kata na pinda, au ingiza ndani ya gambuti.

Wanaochoma matofali wavae pamba. Kitambaa cha nailoni au poliesta huyeyuka kwenye moto na kugandamana na ngozi. Kwa shamba, pamba iliyochanganywa na poliesta hukauka upesi wakati wa mvua kuliko jinzi.

Na rangi? Wanaofanya kazi kando ya mito, sikilizeni. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo sababu vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye neti nyeusi vilitegwa mitoni huku West Nile kuanzia mwaka 2011. Msiving'oe kushonea viraka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya huku kwetu si tena tatizo kubwa la afya ya umma Uganda, lakini mbung'o bado wapo, nao huuma kupitia kitambaa chepesi kilichobana mwili. Chagua kaki nzito, yenye nafasi, inayofika kwenye kifundo cha mguu.