Cairo ya Naguib Mahfouz: Vitabu, Filamu na Sahani ya Koshari

Mji tunaoutembelea ni Cairo, na wanaotuongoza ni wawili: mwandishi Naguib Mahfouz, na tumbo.

Anayetaka kuuona mji wa riwaya zake na aanze asubuhi, na aanze kwa kula. Pembezoni mwa barabara husimama mikokoteni yenye chungu kikubwa cha shingo nyembamba, ambamo maharage yaitwayo ful yamepikwa kwa moto mdogo usiku kucha. Mchuuzi huyaponda, akayatia mafuta, ndimu na bizari ya pilau, nawe ukayala kwa mkate wa duara. Kando yake zipo taamiya, ambazo mtu wa Unguja au Mombasa atazitambua bila kufundishwa: ni ndugu wa bajia zetu za kunde, ila hizi ni za ful, na majani mabichi yamezipa rangi ya kijani ndani.

Ukishashiba, shika njia ya Gamaliya, mtaa wa kale alikozaliwa Mahfouz mwezi Desemba 1911. Familia yake ilihamia Abbasiya angali mtoto, lakini kalamu yake haikuhama. Bayn al-Qasrayn, Qasr al-Shawq na Sukkariyya, majina ya vitabu vitatu vya riwaya yake kubwa iliyochapishwa 1956 na 1957, ni majina ya njia za hapa hapa. Unaweza kuzipita zote kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Nakuonya mapema kuhusu Kichochoro cha Midaq. Wasomaji wengi hukitafuta kwa hamu, kwa kuwa riwaya yenye jina hilo, iliyotoka 1947, imejaa watu: kinyozi, mwokaji, mwenye mkahawa, na Hamida, msichana anayetamani kutoka. Utakachokikuta ni ngazi chache, milango michache na ukuta. Umefika mwisho kabla hujaanza kutembea. Wapo wanaorudi wamenuna. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wa mwandishi unapopimika, kwani mahali padogo namna hii ameweza kupaweka ulimwengu mzima.

Na sisi watu wa redio tuna sababu ya kupita hapo kwa adabu. Mwanzoni mwa riwaya hiyo, mzee mghani aliyezoea kusimulia mashujaa wa kale kwa rababu anafukuzwa mkahawani, kwa kuwa mwenye mkahawa ameamua kuweka redio. Hataki tena kumlipa mtu. Haya ninayoyasema sasa yanawafikieni kwa chombo kile kile kilichomnyang'anya mzee yule riziki yake.

Filamu zilikuja baadaye. Mwaka 1963 Hassan al-Imam aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, na Shadia akawa Hamida. Mwaka 1995 kichochoro kilivuka bahari: Jorge Fons alikihamishia Mexico City, akamwigizisha Salma Hayek, na hadithi ikakaa kana kwamba ilizaliwa huko. Wasikilizaji wa umri fulani, mliolelewa Zanzibar au mlioko Ghuba, hamhitaji kuambiwa habari za sinema za Misri. Wengi wenu mlizifahamu nyuso za Cairo kabla ya kuifahamu ramani yake.

Tuelekee magharibi, kwenye stesheni ya reli ya Ramses. Hapa Youssef Chahine alipiga filamu yake ya 1958, Bab al-Hadid, naye mwenyewe akaigiza kiwete auzaye magazeti, mwenye mapenzi yanayomtia wazimu. Watazamaji wa wakati ule waliichukia. Leo huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za Kiarabu. Sanamu ya Farao Ramses iliyosimama katika uwanja wa nje iliondolewa mwaka 2006, na stesheni imekarabatiwa sana, lakini vishindo vya mizigo na kelele za wachuuzi bado ni za filamu.

Kutoka hapo si mbali hadi mtaa wa Talaat Harb, lilipo Jengo la Yacoubian, lililompa Alaa Al Aswany riwaya yake ya 2002, na filamu ikafuata 2006. Matajiri ndani ya nyumba, maskini juu ya paa: Misri nzima katika jengo moja. Njaa ikikurudia, ule koshari: wali, dengu, makaroni, njegere, vitunguu vilivyokaangwa hadi kukauka, na mchuzi wa nyanya wenye siki. Wengi wanasema asili yake ni Bara Hindi; mla mseto wa choroko hatabisha. Ni chakula cha bei nafuu, na karani na mpakuzi wa mizigo hukila meza moja. Wale wa Yacoubian hawakuwahi kukaa hivyo.

Mahfouz aliujua mji huu kwa kutembea na kukaa mikahawani. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1988, mwandishi wa kwanza wa Kiarabu kuipata, hakwenda Stockholm. Aliwatuma binti zake wawili. Oktoba 1994, akiwa na miaka 82, kijana mmoja alimchoma kisu shingoni nje ya nyumba yake, kwa sababu ya riwaya iliyochapishwa gazetini mwaka 1959. Iliripotiwa kwamba kijana huyo hakuwa ameisoma. Mzee alipona, ila mishipa ya mkono wa kulia iliathirika, akawa anaandika kwa taabu, mistari michache kwa siku. Alifariki Agosti 2006. Riwaya ile ilitoka kama kitabu nchini Misri mwaka huo huo.

Tangu 2019 ana makumbusho yake, karibu na msikiti wa Al-Azhar. Ukitoka, pita njia ya chini ya barabara, utokee Khan al-Khalili, uulize mkahawa wa Fishawy, alikopenda kukaa. Agiza chai ya nanaa. Usiharakishe, meza ni ndogo, na jirani yako ataanza mazungumzo.