Barua Iliyo Moja Tu Duniani
(Maneno tuliyowaambia wazee na waalimu wa Themi, Arusha)



Tuliombwa tuseme juu ya kutunza maandiko, na labda wengine walidhani tutaleta habari za vitabu. La. Kitabu kikichapwa huwa na nakala nyingi, na moja ikiungua nyingine ipo. Neno letu leo ni la karatasi iliyo moja tu duniani, nayo ni barua.

Mfano wetu ni Shaaban Robert. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962. Hakuwa mhariri, kazi yake ilikuwa ukarani wa Serikali, kwanza forodhani Pangani, halafu Mpwapwa, kisha Tanga. Walakini jina lake lilienea kwa njia ya gazeti. Gazeti lenyewe ni Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu huko Dar es Salaam mwaka 1923, likatoka kila mwezi. Ndani yake palikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wa pwani na wa bara wasiopata kuonana kwa macho walijibizana humo kwa beti. Karani wa forodha angeliwezaje kusikiwa na mwalimu wa mlima Meru, kama si gazeti lile? (Na leo nakala zake ni adimu, maana nyingi zilifungia karanga.)

Basi mashairi yale yalikuwa na bahati mbili: yalichapwa, tena yalikaririwa. Barua hazikuwa na bahati hiyo. Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hata mwaka 1958, yaani miaka 27. Mwaka 2002 barua hizo zilitolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhariri akiwa M. M. Mulokozi. Hesabuni wenyewe: ya kwanza ilingoja miaka 71 kabla ya kupigwa chapa, na ya mwisho miaka 44. Muda huo wote mlinzi wake alikuwa nani? Si mwandishi, kwa kuwa mwandishi akiisha kubandika stempu barua imemtoka mkononi. Mlinzi ni yule aliyepelekewa.

Hapa twaomba mtufuate polepole. Mwaka 1931 Shaaban Robert alikuwa kijana wa miaka 22, asiye na kitabu hata kimoja. Aliyeweka barua yake siku zile hakuweka barua ya mtu mashuhuri, aliweka barua ya ndugu. Sisi desturi yetu ni kungoja. Mtu akiisha kusifiwa, tena akiisha kuzikwa, ndipo tunapopekua masanduku, nasi twakuta mchwa wametutangulia.

Hata mashairi mengine yaliponea chupuchupu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya mwaka 1939 hata 1945, ulichapwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini miaka mitano. Kama karatasi zile zingaliwashiwa moto wa jikoni, leo tusingekuwa na la kusoma. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliacha mashairi yake katika vinywa vya watu tu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na Padre William Taylor, na W. Hichens akayatoa kitabu mwaka 1940. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London. Hatuna ugomvi na waliozichukua, maana huko hazikuliwa na panya. Lakini kwetu pia pana mahali, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa hati za Kiswahili, na orodha yake aliyoitengeneza J. W. T. Allen ilichapwa mwaka 1970.

Watu wa Meru hawana haja ya kufundishwa nguvu ya maandishi. Walipoondolewa katika ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1951, madai yao yaliandikwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayapeleka mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Karatasi za dava twazifungia kabatini. Barua ya shangazi yenye beti sita za kumwonya mwanawe, hiyo twaiona si kitu.

Sasa habari ya utunzaji. Adui wa karatasi hapa kwetu ni ukungu wa mlima, mchwa, panya, na jua. Sanduku la bati lafaa, likiinuliwa juu ya mawe mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki haufai, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Utepe wa gundi ndio mbaya kuliko vyote: hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Pini zenye kutu ziondolewe. Vipande vya magazeti visilale pamoja na barua, maana karatasi ya gazeti ina ukali unaochoma jirani yake. Nyuma ya kila barua andikeni kwa kalamu ya risasi, pole pole, jina na mwaka. Kuipiga picha kwa simu ni vema, lakini simu huibiwa; barua yenyewe isitupwe.

Kuna aliyetuuliza kama si aibu kusoma siri za wafu. Ni swali la haki. Karatasi ni mali ya aliyepelekewa, bali maneno ni ya mwandishi na warithi wake. Basi kutunza si kutangaza. Barua yenye siri ya nyumba na ikae imefungwa mpaka wenyewe wakubaliane.

Mzee mmoja wa hapa Themi ana kifurushi cha barua za babaye, aliyekuwa mwalimu na mpenda kupeleka mashairi gazetini. Kimefungwa kwa uzi, kimewekwa darini, na miaka mingi hakijafunguliwa, kwa hofu kwamba karatasi zitavunjika. Ametupa ruhusa. Kesho asubuhi tutakwenda kwake na waalimu wawili, tukiwa na karatasi safi na kalamu za risasi. Apendaye kuona kazi hiyo na aje, mikono ikiwa imenawiwa na kukaushwa.