Ni Nani Apangaye Mwendo wa Kazi?



Tumeombwa kusema juu ya roboti zibebazo mizigo ghalani na viwandani bila dereva. Mtu aweza kuuliza hayo yanahusiana nini na haki. Tuanze na kazi yenyewe.

Katika ghala la namna ya zamani, mfanyakazi hupokea orodha ya vitu vilivyoagizwa, kisha hutembea rafu hadi rafu akivitafuta. Kampuni ya Kiva Systems, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, iliupindua utaratibu huo: mtu asimame mahali pamoja, rafu ndiyo imjie. Roboti fupi yenye magurudumu husoma kwa kamera alama zilizobandikwa sakafuni, huingia chini ya rafu, huiinua na kuipeleka. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja. Zile za kwanza zilitengwa na watu kwa uzio. Proteus, iliyotangazwa mwaka 2022, hutambua kilicho mbele yake, na hivyo huweza kupita katikati ya watu.

Hatukuja kuzilaani. Kumpunguzia mtu mwendo mrefu juu ya sakafu ya saruji ni jambo jema, na abishaye pengine hajapata kubeba gunia. Lakini mwendo ule baina ya rafu ulikuwa pia nafasi ya kupumzisha mikono na kunyosha mgongo. Rafu zijapo mfululizo, mtu huinama na kugeuka vile vile mara mamia, huku mashine ikimhesabia. Mwaka 2020 waandishi wa Reveal walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za Amazon za miaka 2016 hadi 2019, wakaonyesha kwamba majeraha makubwa yalizidi katika maghala yenye roboti. Kampuni iliyapinga matokeo hayo. Papa Yohane Paulo II alikwisha kuonya mwaka 1981, katika Laborem Exercens, kwamba teknolojia, iliyo msaidizi wa mtu, yaweza kugeuka karibu kuwa adui yake.

Hapo ndipo haki inapoingia: si katika roboti, bali katika kiwango. Ni nani aliyekipanga, na je, mfanyakazi alielezwa?

Katika jimbo la Minnesota, miongoni mwa wafanyakazi wa maghala wamo Wasomali wengi. Jamii yao huko ina watu wengi waliopitia kambi za Dadaab, Kenya. Desemba 2018 baadhi yao waliandamana nje ya ghala la Amazon mjini Shakopee, wakidai mzigo wa kazi upunguzwe na wapate nafasi ya kusali. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria: mwajiri ampe mfanyakazi kiwango chake kwa maandishi, katika lugha yake mwenyewe, na kiwango hicho kisimzuie kula, kwenda msalani wala kusali. Roboti hazikuondolewa. Zinaendelea kuleta rafu, ila sasa mfanyakazi anayo karatasi mkononi ya kuhojia.