Korona na Kiharusi: Usingoje Kesho

Tangu Kenya ithibitishe mgonjwa wa kwanza wa korona, Machi 13, 2020, wengi tumeuona kuwa ugonjwa wa mapafu tu. Lakini maambukizi haya huvimbisha pia kuta za mishipa ya damu, na damu huganda upesi. Donge likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Hatari huwa kubwa zaidi wiki za kwanza baada ya kuambukizwa, hasa kwa mwenye presha au kisukari, ingawa vijana nao wamepatwa.

Mdomo umepinda upande mmoja? Mkono umelegea? Maneno yanakwama? Huo si uchawi, wala si uchovu wa shamba. Usimlishe mgonjwa, wala usimpe aspirini, maana huenda mshipa umepasuka, na ni picha ya kichwa itakayoonyesha. Shika saa dalili zilipoanza, daktari atakuuliza: dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Tafuteni gari la kwenda hospitali kubwa mara moja, hata usiku wa manane. Nanyi mama na baba wenye dawa za presha, tafadhali msiziache.