JE, MWALIMU ABEBE BASTOLA DARASANI?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kisomo na maofisa wa Elimu ya Watu Wazima)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo la nchi ya mbali, lakini linamgusa kila mtu mwenye mtoto shuleni. Mmelisikia katika redio mara nyingi. Huko Marekani mtu ameingia shuleni na bunduki, ameua watoto. Siku chache zikipita mnasikia tena kwamba watu wa huko wanabishana. Wengine wanasema bunduki zipunguzwe. Wengine wanasema ziongezwe, hata walimu wazibebe, zikiwa zimefichwa ndani ya nguo. Hapo wengi wenu mmetuuliza: "Mbona hatuelewi? Nyumba inaungua, huyu analeta maji, yule analeta mafuta ya taa?"

Haya, tusiwacheke wenzetu. Waliofiwa na watoto wako pande zote mbili. Tuwasikilize kwanza, halafu nasi tuliosomea ualimu tuseme letu.

JAMBO LILIANZIA WAPI

Nchi ya Marekani ilizaliwa kwa vita vya kumwondoa mkoloni Mwingereza. Wakati ule jeshi lao lilikuwa dogo. Mkulima alikuwa na bunduki yake nyumbani, akiitwa kwenye mgambo anakuja nayo. Basi mwaka 1791 waliongeza katika Katiba yao kifungu kinachosema kwamba mgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, na kwa hiyo haki ya watu kuwa na silaha isivunjwe.

Maneno hayo ni machache, lakini yamezaa ubishi mkubwa. Je, haki hiyo ni ya mgambo, au ni ya kila mtu? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ni ya kila mtu, awe na bunduki nyumbani kwa kujilinda. Tarehe 23 Juni, 2022, Mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba haki hiyo haiishii mlangoni. Mtu anaweza kubeba bastola nje ya nyumba, na jimbo lisimdai kwanza aeleze kuwa ana sababu ya pekee. Lakini Mahakama ilikubali kwamba mahali kama shule na majengo ya serikali silaha zinaweza kukatazwa.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina Bunge lake na sheria zake. Mpaka mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yanamruhusu mtu mzima asiyekatazwa na sheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote. Anaitia kiunoni, anakwenda nayo sokoni. Aliye karibu naye hana habari.

Na shule je? Mwaka 1990 Bunge la nchi nzima lilikataza bunduki karibu na shule, umbali wa futi 1,000, yaani kama mita 300. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikaitangua sheria hiyo, na mwaka 1996 Bunge likaiandika upya. Lakini sheria hiyo ina mlango wazi: aliyepewa kibali na jimbo lake haimzuii. Kwa hiyo mambo mengi yanabaki mikononi mwa majimbo, na humo ndimo ubishi unamochemka.

WANAOTAKA SILAHA WANASEMA NINI

Wao wanasema hivi: mwuaji hasomi kibao kilichoandikwa "Silaha haziruhusiwi". Anayekisoma na kukitii ni mtu mwema. Basi kibao hicho kinamnyang'anya silaha mtu mwema, na mbaya anabaki nayo. Tena wanasema polisi wako mbali. Mpaka wafike, watu wamekwisha kufa.

Wanao mfano wa kweli. Mwezi wa Julai, 2022, katika jengo la maduka huko Greenwood, jimbo la Indiana, mtu alianza kupiga watu risasi akaua watatu. Kijana mmoja raia wa kawaida, mwenye miaka 22, alikuwa na bastola yake. Alimpiga yule mwuaji katika sekunde chache tu, mauaji yakakoma. Huwezi kuwaambia watu wa Greenwood kwamba jambo hilo halikutokea.

Mfano huo ni wa dukani. Kwa shule, hofu yao ilianza zamani. Mwaka 1966 mtu alipanda juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, akaua watu zaidi ya kumi kwa bunduki. Mwaka 1999 katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, waliuawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Mwaka 2007 katika chuo kikuu cha Virginia Tech waliuawa watu 32. Na Desemba, 2012, katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, waliuawa watoto wadogo 20 na watu wazima 6.

Baada ya vilio hivyo majimbo kadhaa yalifungua milango kwa bastola. Texas iliruhusu wenye vibali kubeba bastola zilizofichwa ndani ya vyuo vikuu kuanzia tarehe 1 Agosti, 2016. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 50 kamili tangu yale mauaji ya mnara. Na Tennessee, baada ya mauaji katika shule moja mjini Nashville mwaka 2023, ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kumruhusu mwalimu kubeba bastola iliyofichwa. Ni lazima apate mafunzo ya saa 40, apimwe akili, na akubaliwe kwa maandishi na mwalimu mkuu, na mkurugenzi wa shule, na mkuu wa polisi. Lakini mzazi haambiwi. Mama anamwosha mtoto uso, anampeleka shuleni, na hana haki ya kujua kama mwalimu wa mtoto wake ana bastola.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Hawa wanauliza: mtu mwema na mtu mbaya utawatambuaje kwa macho? Hakuna aliyeandikwa katika paji la uso.

Nao wana mfano wao. Juni, 2021, mjini Arvada, jimbo la Colorado, mtu alimwua askari polisi barabarani. Raia mmoja mwenye bastola alitoka dukani akampiga yule mwuaji. Kisha akaiokota bunduki ya mwuaji. Polisi mwingine akamwona mtu ameshika bunduki, akampiga risasi. Akafa. Mtu mwema aliuawa na mtu mwema, maana hakujua.

Sasa fikirini darasani. Watoto wanapiga kelele, wanakimbia huku na huku. Mwalimu ana bastola mkononi. Polisi anaingia. Atajuaje kwamba huyo ni mwalimu?

Tena wanasema kwamba hata wenye kazi ya silaha hushindwa. Tarehe 24 Mei, 2022, katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, mwuaji mmoja aliua watoto 19 na walimu 2. Askari zaidi ya 370 walifika pale. Ilipita zaidi ya saa moja kabla hawajaingia katika darasa alimokuwa. Wazazi walikuwa nje wanalia. Ikiwa askari 370 wenye mafunzo walisitasita, je, saa 40 za mafunzo zitamfanya mwalimu awe nani?

Na ajali nazo zipo. Mwaka 2014 huko Utah mwalimu wa shule ya msingi alikuwa na bastola yake ya siri, ikafyatuka akiwa chooni, akaumia mguu. Mwaka 2018 huko California mwalimu aliyekuwa pia askari wa akiba alifyatua bastola darasani kwa bahati mbaya, na katika somo lenyewe la usalama! Risasi iligonga dari, mwanafunzi akajeruhiwa shingoni na vipande vilivyoanguka.

SISI WALIMU TUNASEMAJE

Ndugu zetu, hebu chukueni kalamu, tupige hesabu kidogo. Kisomo ni kazi, siyo pambo.

Shule nyingi za Marekani hufundisha siku 180 kwa mwaka. Tuseme mwalimu amefundisha miaka 30. Mara 180 kwa 30 ni siku 5,400. Katika siku hizo zote, mwalimu karibu kila mmoja hatamwona mwuaji hata siku moja. Shule ni nyingi mno, na mauaji hayo, ingawa yanatisha sana, yanafika katika shule chache.

Lakini watoto watakuja siku zote 5,400. Watamkumbatia mwalimu kiunoni. Watapigana na mwalimu ataingia katikati kuwaamua. Atakwenda chooni. Atavua koti wakati wa joto. Atakuwa na siku za hasira na siku za huzuni ya nyumbani. Bastola ile itakuwepo katika kila siku hizo, na lazima ilindwe kila dakika. Siku moja tu ya kusahau inatosha.

Hapo ndipo tunapoona kosa katika ubishi huu. Watu wanaipima bastola kwa siku ya hatari peke yake. Siku hiyo kila mtu angetamani kuwa nayo, hata sisi. Lakini silaha ipimwe kwa siku zote inazokaa nawe. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani. Wengi wao hawakuuawa na jambazi wala mwuaji wa shuleni. Zaidi ya 27,000 walijiua wenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa kumwogopa mgeni ilimwua mwenyewe au wa nyumbani mwake.

Liko na jambo jingine. Mwaka 2016 walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Texas walikwenda mahakamani kupinga bastola madarasani. Walisema wanafunzi wataogopa kubishana. Mahakama haikulikubali shauri lao. Lakini sisi tunaielewa hofu yao, maana somo la watu wazima linaishi kwa kubishana. Mzee anapinga, kijana anajibu, mama anawasahihisha wote wawili, na tunacheka. Je, mngebishana hivyo kama mngejua kwamba mmoja wenu ana bastola chini ya shuka, na hamjui ni nani?

JICHO LA MWALIMU

Sasa mtasema: "Basi mwalimu akae tu, angoje kufa?" La hasha. Tuwape mfano wa mwisho, na huu tunaomba mwushike sana.

Tarehe 30 Novemba, 2021, katika shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, mwalimu alimwona mwanafunzi wa miaka 15 amechora bunduki, na ameandika maneno ya kuomba msaada. Mwalimu hakunyamaza, alitoa taarifa. Wazazi wakaitwa shuleni asubuhi ile ile. Baba alikuwa amemnunulia mtoto huyo bastola siku nne tu zilizopita. Wazazi hawakusema habari ya bastola, wala hawakumchukua mtoto nyumbani. Shule nayo ikamrudisha darasani. Begi lake halikufunguliwa. Bastola ilikuwa ndani ya begi. Mchana ule aliua wanafunzi wanne.

Oneni, ndugu zetu. Jicho la mwalimu liliona saa kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Bastola kiunoni mwa mwalimu isingeona zaidi ya hapo. Kilichokosekana ni watu wengine kuushika uzi ule ule: wazazi kusema kweli, mkubwa wa shule kufungua begi, na nyumbani bastola kufungiwa kwa kufuli. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu baba na mama wa kijana huyo kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja, kwa uzembe wao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaotaka walimu wabebe bastola wanataka kujenga ukuta mlangoni mwa darasa. Ufa uko nyumbani, kabatini, mahali bastola inapowekwa bila kufuli na mtoto mwenye uchungu anajua ilipo.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi: mwalimu asibebe bastola darasani. Apewe watoto wachache wa kutosha kuwajua mmoja mmoja, apewe mtu wa kumpelekea mtoto aliyesongeka, na akisema "nimeona jambo," asikilizwe siku ile ile. Ulinzi wa silaha, pale unapohitajiwa, uwe kazi ya polisi, wenye sare, wanaoonekana.

Kwetu mwenye bunduki hutakiwa kuwa na leseni, na wengi wetu hatuna hata gobore. Lakini mwenye nayo, hata kama ni ya kufukuzia nguruwe shambani, aifunge, na risasi aziweke mbali nayo. Ufunguo usikae mahali mtoto anapopajua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kama wewe ungekuwa mzazi huko Tennessee, ungetaka kuambiwa kwamba mwalimu ana bastola? Kwa nini?

2. Watu wa Greenwood waliokolewa na raia mwenye bastola. Mnawajibu nini wanaosema, "Basi kila mtu awe nayo"?

3. Mtoto akionyesha dalili za uchungu au hasira kubwa, katika kijiji chenu ni nani wa kwanza kuambiwa? Na akiambiwa, anafanya nini?

Swali la tatu msiliruke. Andikeni majibu yenu, mkayasome mbele ya mkutano wa wazazi shuleni kwenu.