PAA LA GHALA LETU NA HESABU YA MTEREMKO
(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika)



Masika iliyopita tulitoa ghalani magunia 9 ya mahindi yakiwa yameota na kuvunda. Mengi yakasemwa. Wengine wakasema bati ni bovu, wengine misumari. Basi tulipanda juu tukapima wenyewe. Bati ni zima. Ubovu uko kwenye mteremko, na mteremko huo tuliukubali sisi wa kamati ili kupunguza mbao. Hilo tunalisema wazi.

Ghala lina upana wa mita 6. Kilele kiko katikati, kwa hiyo kila upande una mita 3 tu hadi ukutani. Hapa ndipo wengi tunapotea: mtu anachukua kimo cha paa anakigawa kwa mita 6. Sivyo. Gawa kwa nusu ya upana. Kimo cha paa letu ni sentimita 30. Gawa 30 kwa 300, unapata 1 kwa 10. Yaani kila mita moja ya kwenda ukutani, maji yanashuka sentimita 10 tu. Mvua ya upepo inayasukuma yarudi nyuma, yanaingia pale bati linapolalia bati. Ni hivyo tu, hakuna mkono wa mtu.

Sasa tunapendekeza kimo cha mita 1. Hiyo ni 1 kwa 3, kama nyuzi 18. Kwa bati inatosha. Kwa nyasi isingetosha; nyasi hutaka kimo kilingane na nusu ya upana, nyuzi 45, na babu zetu walilijua hilo bila daftari.

Mzee mmoja aliuliza: je, mbao hazitaongezeka sana? Swali zuri, tuhesabu. Mafundi mnaijua kamba ya 3, 4, 5 ya kunyoosha pembe ya msingi. Hesabu ni ile ile. 3 mara 3 ni 9. 1 mara 1 ni 1. Jumla 10. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 10: ni 3.16 na ushee. Basi ubao wa kenchi, kileleni hadi ukutani, ni mita 3 na sentimita 16. Na ule wa zamani? 9 jumlisha 0.09, ubao ni mita 3 na sentimita 1 na nusu. Tofauti haifiki hata sentimita 15! Ni pungufu ya shubiri. Nguzo ya katikati itaongezeka sentimita 70. Kwa akiba hiyo tukaozesha magunia 9.

Upenu ni sentimita 50 kufuata ubao, jumla mita 3.66. Bati la mita 3 halifiki. Weka malalio ya sentimita 20, kipande kinachobaki ni sentimita 86. Bati moja linatoa vipande vitatu. Fundi akidai mabati mawili mazima kila mstari, mwonyesheni ukuta huu.

Jumamosi saa 2 asubuhi tutalichora paa lenyewe chini, uwanjani: mita 3, mita 1, halafu kamba. Anayetilia shaka hesabu aje apime. Njooni na vigingi na kamba; futi tunayo moja tu, ya kuazima.