Jasho la Waliotutangulia

Siku ya kwanza ya safari ya kuwatazama wanyama, magari mengi yatokayo Nairobi kwenda Ziwa Nakuru huteremka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu. Abiria huwa tayari wanaulizana watawaona vifaru saa ngapi.

Kando ya barabara lipo kanisa dogo. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitalia, waliokuwa wakiitengeneza barabara hiyo hiyo. Njia ile haikuwa ya kuwarudisha kwao. Hata hivyo walijenga mahali pa kusali.

Leo sisi twateremka kwa raha juu ya jasho lao. Mpendwa, kabla hujafika kwa vifaru, simama hapo kidogo, uwashukuru waliokutengenezea njia. Amani iwe nawe.